Kifafa: mwongozo kamili, kuanzia anapoanguka mara ya kwanza hadi dozi isiyokatika

Wanaoniandikia kuhusu kifafa, wachache sana wanasema "hatujapata dawa". Wengi wanasema hivi: "Alipewa dawa, akatulia kabisa, sasa ameanza tena."

Nikiwauliza maswali mawili matatu, majibu hayapishani. Vidonge viliisha, wakasubiri wauze mahindi kwanza. Au miezi minne ilipita hajaanguka, wakasema amepona. Au tangu mwanzo waliompeleka hospitali hawakuwepo siku alipoanguka, daktari akasimuliwa habari za kusikia.

Mimi si daktari. Ni kaka mtu. Mdogo wangu alianza kuanguka akiwa darasa la tano, kijijini kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, na tangu baba alipoishiwa nguvu ni mimi ninayefuatana naye kliniki. Makosa mengi yaliyomo humu nimeyafanya mwenyewe. Dozi sitakupangia, hiyo ni kazi ya mtaalamu aliyemuona na kumpima uzito. Ninachokuandikia ni kazi ya nyumbani, ile ambayo daktari hawezi kukufanyia hata akitaka.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari moja la shule, la kwake peke yake, na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Kalamu isiyofungwa haipatikani siku unayoihitaji.
- Simu yenye kamera. Ya kuazima inatosha, ilimradi kila mtu nyumbani anajua iko kwa nani.
- Mtu aliyemuona kwa macho akianguka. Huyu ndiye "kipimo" cha kwanza.
- Kadi yake ya kliniki ya utotoni kama ipo, vyeti vyote vya zamani, na kila dawa anayotumia pamoja na mizizi na maji ya kuombewa.
- Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku nzima isiyo na shughuli nyingine.
- Kadi ya bima. Kama huna bima na hali ni ngumu kweli, pitia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa akuandikie barua, kisha ukifika hospitali ulizia afisa ustawi wa jamii kabla hujafika dirisha la malipo. Ukishalipa, habari ya msamaha imekwisha.
- Kopo kavu lenye mfuniko, la kutunzia vidonge.

## Hatua ya 1: Anapoanguka, fanya machache

Tazama saa. Hilo ni la kwanza, kabla hata ya kumshika, kwa sababu dakika moja ya mtu anayetupa mikono huonekana kama kumi.

Ondoa vitu vya kumuumiza: mafiga, jembe, kiti. Mwekee kanga au koti chini ya kichwa. Legeza kola, kilemba au skafu shingoni. Mgeuze alale kwa ubavu mapema uwezavyo, mate na povu vitoke nje visimrudie kooni. Kaa naye mpaka atambue alipo.

Usimtie kitu mdomoni. Si kijiko, si kitambaa, si kidole chako. Ulimi haumezwi, kijiko ndicho kinachovunja meno. Usimkandamize mikono. Usimpe maji wala kidonge mpaka awe macho kabisa na anaongea. Kiatu puani, kitunguu, moshi wa kufukiza, hakuna hata kimoja kinachokatisha kifafa. Kinakatika chenyewe, mara nyingi ndani ya dakika mbili tatu.

Hapa lazima niseme jambo linalouma. Kwetu bado wapo wanaoamini kwamba povu, mkojo au hata ushuzi wa mtu aliyeanguka unaambukiza. Kwa imani hiyo watu wamesimama mlangoni wakitazama mtoto akiungua motoni, hakuna aliyemvuta. Kifafa hakiambukizi. Hakipiti kwa povu, damu, mkojo, pumzi wala kwa kula sahani moja. Akiangukia moto mvute hapohapo, kisha mmwagilie maji safi ya baridi palipoungua kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, mafuta wala majivu.

Mkimbize hospitali bila kusubiri kama:

- amepita dakika 5 bado anakakamaa au kutupa mikono;
- ameanguka tena kabla hajapata fahamu ya mara ya kwanza;
- ameangukia maji, ameungua au ameumia kichwa;
- ni mjamzito;
- ana homa, au shingo imekaza;
- ana kisukari;
- ndiyo mara yake ya kwanza maishani.

Utajua umefanya vizuri ukiona amelala kwa ubavu, anapumua, hana jeraha jipya, na wewe unaweza kutaja dakika ngapi zilipita. Atasinzia na kichwa kitamuuma. Mwache alale.

## Hatua ya 2: Usiite kifafa kila kinachomwangusha mtu

Kuanguka mara moja hakutoshi kuitwa kifafa. Kwa kawaida wataalamu wanataka matukio mawili au zaidi, yaliyopishana zaidi ya saa 24, yasiyoletwa na homa, sukari kushuka au jambo lingine la siku hiyo. Vinavyochanganywa zaidi kwetu ni hivi.

Degedege. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano anayeshtuka na kukakamaa huku ana homa. Si ndege wa usiku aliyempitia. Kwa wa Kyela na mashamba ya mpunga ya Mbarali, fikiria malaria kwanza, na malaria iliyopanda kichwani haisubiri asubuhi. Mpeleke sasa, usiku huohuo.

Kifafa cha mimba. Jina linatudanganya. Huu ni ugonjwa mwingine kabisa, unaotokana na shinikizo la damu la ujauzito, na unaua mama na mtoto. Mjamzito aliyekakamaa, hata kama hajawahi kuumwa kifafa, ni wa hospitali yenye uwezo wa upasuaji, na sasa hivi. Hata aliyejifungua siku chache zilizopita anaweza kuupata.

Kuzimia. Anaona giza, anatoka jasho, analegea na kuanguka taratibu, kisha anaamka haraka akiwa na akili zake. Wa kifafa huamka amechanganyikiwa.

Mlevi aliyeacha pombe ghafla baada ya kunywa kwa miaka naye huweza kuanguka ndani ya siku mbili za mwanzo. Anahitaji hospitali pia.

Halafu kuna kifafa ambacho watu hawakitambui kwa sababu hakuna anayeanguka. Mtoto anaduwaa katikati ya sentensi, macho yamesimama, sekunde chache, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Mwalimu anamchapa kwa kutosikiliza. Au mtu anatafunatafuna hewa, anashikashika vifungo vya shati, ukimwita haitiki. Haya pia yaandike.

## Hatua ya 3: Daftari

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Siku yetu ya kwanza daktari, kijana mdogo tu, alimwamkia baba, kisha akauliza: "Baba, akianza kuanguka, kichwa kinageukia upande gani?" Baba akanitazama. Mimi nikamtazama mdogo wangu. Yeye ndiye anayeanguka, atajuaje? Tulikuwa watu watatu mle chumbani na hakuna aliyejua. Aliyemuona mara zote alikuwa mama, na mama tulikuwa tumemwacha shambani anapalilia.

Daktari hataona kifafa cha ndugu yako. Akifika kliniki ni mzima, anatembea, anajibu salamu. Hakuna kipimo cha damu kinachosema "huyu ana kifafa". Kinachomwongoza daktari ni maelezo ya aliyeona.

Kila tukio andika hivi, siku ileile:

*"Jumanne, 11 Juni. Saa 12:40 asubuhi, alikuwa anachota maji, hajanywa chai. Jana alikesha msibani. Kwanza mdomo ulivutika kushoto, mkono wa kushoto ukaanza kuchezacheza, kisha mwili wote. Macho wazi, yamegeukia kushoto. Dakika 2 na nusu. Alijing'ata ulimi, alijikojolea. Alilala saa nzima, akaamka anaumwa kichwa, hakumbuki. Dawa ya jana usiku: hakumeza. Aliyeona: mama mdogo."*

Tazama lilivyojaa. Mkono wa kushoto ulitangulia: pengine tatizo limeanzia sehemu moja ya ubongo, labda kovu la zamani au uvimbe mdogo, na hilo linabadilisha dawa inayochaguliwa. Alikesha: kukosa usingizi ni kichochezi kikubwa. Hakumeza dawa: basi usikimbilie kusema dawa imeshindwa.

Kama yupo mtu mwingine wa kumhudumia mgonjwa, mwambie achukue video ya tukio kuanzia mwanzo, mwili mzima uonekane, na uso. Ni ya daktari. Si ya kundi la familia la WhatsApp.

Upande wa nyuma wa daftari andika historia, ukiulizia kwa mama au bibi: alizaliwa vipi, alichelewa kulia? Aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali? Aliwahi kupigwa kichwani, kuanguka na bodaboda? Yupo mwingine katika ukoo? Swali hili la mwisho uliza kwa hekima, maana kuna ukoo ambao bado unaficha kwa ajili ya posa.

Ukifanikiwa: mtu asiyemjua mgonjwa akisoma ukurasa mmoja anaweza kuigiza tukio zima.

## Hatua ya 4: Mlango wa kuingilia

Usianze na safari ndefu. Zahanati haitakuwa na jibu kamili, lakini itampima, itaangalia homa, na itakupa rufaa. Kutoka hapo nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Wa Tukuyu wanayo Makandana, wa Makete wanaijua Ikonda, wa Wanging'ombe Ilembula, wa Iringa vijijini Tosamaganga. Juu yao zipo hospitali za rufaa za mikoa, na juu zaidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kabla hujapanda gari, piga simu au tuma mtu aulize swali moja: "Kliniki ya kifafa ni siku gani?" Sehemu nyingi kliniki hii ina siku zake, na nauli ya kutoka Ileje au Ludewa kwenda siku isiyo yake huuma sana.

Sasa jiandae kwa kitu kimoja. Hospitali nyingi za serikali kifafa kinahudumiwa kwenye kliniki ya afya ya akili. Nimeona watu wakisoma kibao mlangoni, wakageuza na kurudi stendi. "Mwanangu si chizi." Kweli si chizi. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, na wataalamu wa chumba kile ndio waliofundishwa kukitibu na ndio wenye dawa zake. Ingia. Halikadhalika jirani akikushauri umpeleke moja kwa moja Mirembe, Dodoma, mshukuru tu. Si lazima kuanzia huko.

Kuhusu vipimo. CT ni picha ya ndani ya kichwa. EEG inasoma umeme wa ubongo. Vinasaidia, hasa CT kwa mtu mzima aliyeanza ghafla, kwa anayeanza na upande mmoja, au aliyelegea mkono na mguu. Lakini usiuze ng'ombe kabla hujaambiwa na daktari kwamba vinahitajika. EEG safi haimaanishi hana kifafa, na dawa inaweza kuanza kwa maelezo yako peke yake.

Kuhusu mganga na maombi. Sitakuambia uache kuomba. Kwetu mama hajaacha hata Ijumaa moja. Nakuomba mambo mawili tu. Mgonjwa asiambiwe aache vidonge ili imani ionekane. Na asichanjwe, asichomwe, asinyweshwe kitu ambacho huwezi kumtajia daktari.

## Hatua ya 5: Chumbani kwa daktari

Aliyeona ndiye azungumze. Mgonjwa mwenyewe apewe nafasi aseme anavyojisikia kabla: wengine husikia harufu ya ajabu, tumbo kupanda, mwanga. Toa daftari.

Taja bila kuulizwa: ujauzito au mpango wa kuupata, uzazi wa mpango anaotumia, na kama anatumia ARV au dawa za kifua kikuu. Hili la ARV nalisisitiza kwa sababu Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini. Dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV, ikiwemo dolutegravia, na pia nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Daktari akijua atarekebisha. Asipojua, mgonjwa anaharibikiwa pande mbili.

Usitoke kabla hujaandika majibu ya haya: dawa inaitwaje, kidonge kina miligramu ngapi, vingapi, saa ngapi, dalili gani ya kunirudisha haraka, na dawa ikikosekana hapa niipate wapi.

## Hatua ya 6: Wiki za mwanzo za dawa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata na kutumia dawa ipasavyo. Dawa yenyewe si ya ajabu wala si mpya. Fenobabitoni ni ya zamani, ni ya bei nafuu, na bado inafanya kazi.

Daktari huanza na dawa moja, dozi ndogo, akipandisha taratibu. Fenobabitoni huhitaji wiki mbili hadi tatu kutulia mwilini, kwa hiyo akianguka wiki ya kwanza usiseme haifai. Andika, endelea, rudi siku uliyopangiwa.

Utakachokiona:

Fenobabitoni inasinzisha mwanzoni. Watoto wengine badala ya kusinzia huwa watukutu kupita kiasi. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliona mdogo wangu anasinzia darasani, nikampunguzia kidonge kimoja bila kumuuliza mtu. Wiki haikuisha, akaanguka mara mbili kabla ya chai. Nilitakiwa kurudi kliniki na kusema "anasinzia", basi.

Kabamazepini inafaa sana kifafa kinachoanzia upande mmoja, lakini inaweza kuzidisha kile cha kuduwaa na cha kushtukashtuka. Tahadhari kubwa ni ngozi: akitoka vipele, malengelenge, macho mekundu au vidonda mdomoni, hasa wiki za mwanzo, mwone daktari siku hiyohiyo.

Fenitoini ikizidi humfanya ayumbe kama aliyelewa, na ikitumika muda mrefu fizi huvimba. Apige mswaki vizuri.

Valproeti ni nzuri kwa aina nyingi za kifafa, ila inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa binti au mwanamke anayeweza kushika mimba, muulize daktari moja kwa moja: "Hakuna nyingine?" Na kama tayari anaitumia akashika mimba, asiiache kwa hofu. Awahi kliniki. Kuacha ghafla kunaweza kumuua yeye na mtoto.

Hilo ni la dawa zote: usikate ghafla. Ubongo uliozoea dawa ukinyimwa siku moja huweza kuingia katika kuanguka mfululizo kusikokoma.

Ukifanikiwa: daftari linaonyesha matukio yanapungua au yanafupika, na mgonjwa anasimama, anasoma, anafanya kazi bila kulewa dawa. Dawa inayozuia kifafa huku mtu analala kutwa haijapangwa vizuri bado.

## Hatua ya 7: Hesabu ya vidonge

Wengi wanaangukia hapa, na ni hesabu ya darasa la tatu.

Chukua mfano wa vidonge viwili kila usiku. Siku 30 ni vidonge 60. Weka akiba ya siku 14, yaani vidonge 28. Hiyo 28 ndiyo mstari wako mwekundu. Kila Jumapili hesabu vilivyomo kwenye kopo, andika kwenye daftari. Vikigusa 28, safari ya dawa imeanza, hata kama mahindi hayajauzwa.

Kwa nini siku 14? Kwa sababu Machi na Aprili barabara zetu za milimani zinajua kukatika, na kwa sababu utafika na kukuta dirisha la dawa limefungwa. Kuna kituo kimoja tulifika tukaambiwa dawa zimeisha, turudi mwezi ujao, na sisi tukarudi nyumbani kweli kama kondoo. Siku hizi nasema: "Naomba uniandikie cheti nikanunue famasi." Kisha nahakikisha jina na miligramu ni zilezile. Akipewa ya kampuni nyingine, naandika tarehe ya kubadilisha, maana matukio yakirudi daktari atauliza.

Funga dawa na jambo lisilosahaulika, kama chakula cha usiku. Akisahau, ameze anapokumbuka. Muda wa dozi inayofuata ukiwa umekaribia, ameze hiyo tu, asirundike mbili.

Kopo likae juu, watoto wasifikie. Vidonge hivi vingi kwa pamoja ni sumu.

## Hatua ya 8: Moto, maji, mti

Makete na Njombe mwezi wa Juni na Julai baridi inasukuma kila mtu kwenye moto. Kovu nilizoziona kwenye benchi la kliniki, mkono uliokunjamana, shavu lililovutika, karibu zote ni za jikoni. Inueni jiko kutoka chini ikiwezekana, au zungushieni mafiga ukuta mfupi wa udongo. Asipike peke yake, na asiote moto akiwa ameinamia.

Aoge kwa ndoo na kopo, mlango umerudishwa bila komeo. Mtoni, Ziwa Nyasa, kisimani, asiende peke yake. Asipande mparachichi kuvuna. Achambue matunda chini. Asiendeshe bodaboda mpaka daktari amruhusu. Akilala bwenini apewe kitanda cha chini, na matroni aonyeshwe ukurasa wa kwanza wa daftari.

Usingizi ni dawa nusu. Mkesha wa kanisani na wa msibani ahudhurie mpaka saa nne usiku, kisha alale. Wakubwa wakielezwa wanaelewa. Pombe aache. Najua ilivyo msimu wa ulanzi, kikombe kinazunguka na kukataa kunaonekana kiburi. Mdogo wangu ana jibu lake: "Nipo kwenye dozi." Hakuna anayeuliza tena.

Mengine yote afanye. Asome, alime, acheze mpira, aoe.

## La kwetu hasa: nguruwe na usubi

Nyanda hizi tunafuga nguruwe sana, na minyoo ya tegu ya nguruwe ni moja ya visababishi vya kifafa ambavyo vingezuilika. Watu wanaielewa nusunusu, kwa hiyo soma polepole.

Ukila nyama yenye vijifuko vyeupe, kama punje za mchele zilizovimba, ikiwa haijaiva, unapata mnyoo tumboni. Mwenye mnyoo huo akijisaidia, anatoa mayai. Mayai hayo yakiingia mdomoni mwa mtu kwa mikono isiyooshwa, maji au mboga mbichi, ndipo vijifuko vinaota kwenye ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kupata, kutoka kwa mpishi asiyenawa. Nguruwe wafungiwe bandani, choo kitumike, mikono ioshwe kwa sabuni, nyama ikaguliwe na iive mpaka ndani.

Onyo: anayeanguka asijinunulie dawa ya minyoo dukani akitumaini kujitibu. Albendazo na prazikwanteli zinaweza kuua vijifuko vilivyo kichwani, ubongo ukavimba, kifafa kikazidi. Hospitali hutanguliza dawa ya kuzuia uvimbe. Kampeni ya dawa za minyoo au kichocho ikifika shuleni, mwalimu aambiwe mapema kwamba huyu ana kifafa, mhudumu aamue.

Kwa wa mabonde ya Rungwe, Busokelo na Kyela, usubi, wale inzi wadogo wanaouma kwenye mito iendayo kasi, unaleta ugonjwa wa usubi, nao umehusishwa na kifafa cha watoto. Kingatiba, yaani dawa ya kuukinga, inapogawiwa kijijini, kila anayeruhusiwa na mhudumu ameze.

## Hatua ya 9: Lini aache dawa?

Si miezi minne. Kwa kawaida daktari huanza kufikiria kupunguza baada ya miaka miwili kamili bila tukio lolote, na hupunguza kidogokidogo kwa miezi, daftari likiwa wazi. Wengine, hasa wenye kovu kwenye ubongo, wataendelea nayo maisha yao yote, kama mwenye presha anavyomeza yake. Na wapo ambao dawa mbili zilizopangwa vizuri zimeshindwa. Hao waombe rufaa ya kwenda juu zaidi, wasiongezewe ya tatu kimyakimya.

Ukianza kupunguza, chagua kipindi kisicho na mtihani, kuvuna wala safari. Tukio likirudi, andika, na rudi kliniki wiki hiyohiyo.

Mdogo wangu yuko daftari la tatu, na siku hizi analiandika mwenyewe. Kurasa za karibuni hazina tukio, ni hesabu za Jumapili tu. Ya wiki hii inasema: "Kliniki bado siku 9. Vidonge 46."